Nani kasema taa ni matumaini?

Jumatano iliyopita mpwa wangu alipita dukani kutoa kopi. Duka langu lipo Kabwe, hapa Mbeya, la kuchapa, kutoa kopi na picha za pasipoti, na yeye yuko kidato cha sita, kwa hiyo hupita mara nyingi na hulipa mara chache. Safari hii alikuwa na jaribio la ushairi lililosahihishwa. Kabla sijawasha mashine, umeme ukakatika. Tukakaa. Akawasha tochi ya simu, akaiegemeza kwenye stepla, nami nikaanza kusoma karatasi yake kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya.

Mwalimu alikuwa amewapa beti chache za Al-Inkishafi, shairi la kale la pwani, zile za taa, akawauliza taa inaashiria nini. Mpwa wangu kaandika: "Taa inaashiria imani, elimu na matumaini. Giza linaashiria dhambi na ujinga." Tiki nyekundu, tatu kwa tatu.

Nikamwambia, hili jibu si sahihi. Akacheka. "Mjomba, nimepata zote."

"Umepata zote, lakini hapa mshairi anasema maisha yako ni kama taa iliyowekwa kwenye upepo. Unaiona inawaka, ukigeuka imezimika. Matumaini yako wapi hapo?"

Akaitazama ile simu kwenye stepla. Kisha akauliza swali ambalo limenikosesha raha wiki nzima: "Kwani upepo unazimaje taa?"

Mtoto hatanii. Nyumbani kwao kuna umeme, ukikatika kuna taa za kuchaji, zikiisha chaji kuna simu. Hajawahi kuiona koroboi ikitapatapa: ule utambi unaoinama, moshi unaopinda kuelekea ukutani, mtu anayekaza kiganja pembeni ya moto huku akitembea kama amebeba maji yaliyojaa pomoni. Anayo tafsiri ya taa. Taa yenyewe hana. Na mimi nadhani tunaposoma ishara za dini kwenye mashairi ya zamani tunapotea hapo hapo, na mwalimu wake kapotea pamoja nasi.

Mimi si mhakiki, nasoma tu. Lakini tuitazame taa peke yake, tuache mambo mengine, tuone inavyosafiri.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliishi Pate, katika visiwa vya Lamu, na Al-Inkishafi ni la mwanzoni mwa karne ya 19, Pate ikiwa imeshaanguka. Anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukaripia, anauliza kwa nini hauioni dunia ilivyo. Kisha anaupeleka kwenye majumba ya matajiri waliokwisha kufa. Nyumba zao, anasema, ziling'aa "kwa taa za kowa na za sufuri", yaani za bilauri na za shaba, "masiku yakele kama nahari": usiku ukakaa kama mchana. Hebu iangalie taa hiyo. Ni ya anasa. Wenyewe waliiwasha ili wasahau kwamba kuna usiku. Na ile nyingine, ya kwenye upepo, ni uhai wa mtu. Baada yake ukaja mfano wa moto unaonguruma kichakani, mara wingu linashuka na kuuzima. Huo mfano watu wa huku tunaujua bila kamusi. Mwezi wa kumi ukisimama Mbeya mjini ukatazama miteremko ya Loleza utaona mistari ya moto, na siku mvua ya kwanza inaposhuka utaona moshi mweupe tu.

Kwa hiyo taa zote za Inkishafi zipo upande wa kifo. Shairi linapokaribia mwisho taa hazipo tena kabisa, kilichobaki ni moto wa akhera, na mshairi anazitaja Jahannamu kwa majina yake moja baada ya jingine. Ukimwambia mtu huyu kwamba taa ni matumaini, nadhani angekutazama kwa huruma.

Kuna ubeti mmoja naurudia mara nyingi: "Madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni." Madaka ni vile vishubaka vya ukutani katika nyumba za mawe za pwani, vilivyopangwa sahani za kigeni za thamani. Sasa wamelala humo makinda ya ndege. Wahakiki husema ni picha ya uharibifu, na ni kweli. Lakini msomaji wa Pate alikuwa ameihifadhi Aya ya Nuru, Suratun Nur aya ya 35, isemayo mfano wa nuru ya Mwenyezi Mungu ni kama shubaka ndani yake mna taa, taa imo katika kioo, kioo kama nyota inayong'aa. Shubaka la Mungu lina taa. Shubaka la tajiri wa Pate lilijazwa sahani, na sasa lina kinyesi cha ndege. Sijui kama Sayyid Abdalla alikusudia hivyo. Mimi siwezi tena kusoma ubeti ule bila kuona mashubaka mawili yamekaa ubavu kwa ubavu.

Basi hayo matumaini ya mpwa wangu yametoka wapi? Nadhani yametoka Kilimanjaro. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alisema tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo mahali palipo na chuki, heshima palipojaa dharau. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ukawekwa kweli. Haikuwa shairi, lakini sikiliza mapigo yake: ni mapigo ya ile sala iliyopewa jina la Mtakatifu Fransisko, palipo na chuki nilete upendo. Na nyuma yake kuna Mathayo 5, taa isiyowekwa chini ya pishi, mji uliojengwa juu ya mlima. Mtu wa misa ya kila siku aliichukua ishara ya kanisani akaipa kazi serikalini, na kazi hiyo imefanyika vizuri mno. Tangu shule ya msingi mtoto wa Tanzania anakimbizana na mwenge, anauimba, anauchora daftarini. Akifika kidato cha sita akakutana na taa ya Pate, anaisalimia kwa jina la mwenge.

Simlaumu mwenge. Namlaumu anayedhani taa zote ni ndugu.

Sasa twende kwenye tenzi za Injili, maana huku kwetu ndiko zilikopaswa kupata wasomaji, na sikuzote nashangaa zinavyopita kimya. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, 1996, Nyerere naye akazitoa Injili kwa tenzi, zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Peramiho ipo Songea, ukitoka hapa na basi la asubuhi unafika siku hiyo hiyo. Wakristo wawili wa bara, wote wakachukua chombo kilichochongwa na Waislamu wa pwani: mizani minane kila kipande, vina vitatu vifanane, cha nne kishike njia moja mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga kelele kwamba chombo ni cha wenyewe. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko ishara yoyote iliyomo ndani.

Na taa imo ndani, lazima imo, kwa sababu Mathayo 25 ina wanawali kumi. Watano wamebeba mafuta ya akiba, watano hawakubeba. Bwana arusi kachelewa, wale wapumbavu wanasema, "Tupeni mafuta yenu kidogo, maana taa zetu zinazimika." Hapa pana tofauti ambayo jibu la tatu kwa tatu haliwezi kuigusa. Taa ya Pate inazimwa na upepo, na upepo haumuulizi mtu kama alijiandaa. Taa ya mwanamwali inazimwa na uzembe wake. Ya kwanza inakuambia hujui saa yako. Ya pili inakuambia hujui saa yako, lakini mafuta yaliuzwa, kwa nini hukununua? Waimbaji wa kwaya za huku wanaipenda ya pili. Ni nyepesi kuhubiri, kwa sababu kuna wa kulaumiwa.

Nisimsahau Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi mwingine wa pwani, ingawa kwake sitakaa. Mwaka 1858, mgonjwa, anamwita binti yake amkaribie, anamwambia twaa nikupe hirizi, nikutungie kidani cha lulu na marijani. Dini anaifunga kwa uzi shingoni mwa mtoto. Hakuna upepo, hakuna bwana arusi, ni mama anahangaika na uzi. Pengine ndiyo ishara ya dini ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo sababu sina la kuiongezea.

Halafu tunafika 1974, Kichomi, diwani ya mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi, na watu wanasema hapa ndipo dini ilipotoka mlangoni, vina na mizani vikafuata nyuma. Sikubali. Lisome shairi la "Dhamiri Yangu". Mtu amefungwa shingoni kama mbuzi kwenye mti wa utu. Kamba ni fupi. Ameshazunguka mpaka kachora duara, majani anayoyafikia kayamaliza, mengine anayaona kwa macho tu.

Nenda Uyole asubuhi yoyote, pembeni ya barabara, kabla ya mashamba ya viazi. Mbuzi kafungwa kwenye mti au kwenye kigingi, na chini yake pana duara la udongo mtupu, limekamilika kama limechorwa kwa bikari. Nje ya duara majani yamesimama, ya kijani, yana umande. Mbuzi kasimama ukingoni kabisa, kamba imekaza, shingo imenyooshwa, ulimi umetoka. Nilimpeleka mpwa wangu kumwona, Jumamosi, kwa bajaji. Hakuuliza chochote. Alielewa shairi zima kabla hatujashuka.

Na mnyama aliyefungwa si mgeni katika dini zetu. Kondoo wa Ibrahimu alinaswa pembe kichakani, akachinjwa badala ya mwana, iwe unaisoma habari hiyo kwenye Mwanzo au unaikumbuka kila Idd ya kuchinja. Yule alikuwa na kazi: alikuja kufa badala ya mtu. Mbuzi wa Kezilahabi hana wa kumfia. Hakuna madhabahu, hakuna kisu, hakuna malaika wa kusema basi. Kuna kamba tu, na kamba hiyo ni dhamiri yake mwenyewe. Huyo si mtu aliyeikimbia dini. Angekuwa ameikimbia, kamba isingekaza.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, tulibishana naye kuhusu haya kwenye kahawa. Anasema nawaonea walimu: darasa lina watoto wengi, mtihani unataka jibu linalosahihishika, na "taa ni matumaini" linasahihishika. Nakubali linasahihishika. Akasema pia kwamba ukimwachia kila mwanafunzi taa yake, mwisho wa siku kila kitu kitaashiria kila kitu. Hapo sikubali, kwa sababu upepo umeandikwa mle mle kwenye ubeti. Sikuuleta mimi. Tuliachana bila mshindi, na kahawa alilipa yeye.

Nilipokuwa mdogo nililelewa na bibi, kijijini Rungwe, Wamoraviani sote. Jumapili ya Pasaka tuliamka kungali giza kwenda makaburini kuungoja ufufuko, matarumbeta yakitangulia. Mwezi wa nne Rungwe ni ukungu na manyunyu, njia inateleza. Bibi alibeba chemli na kuifunika ubavu mmoja kwa kanga. Mwaka mmoja, tulipofika kwenye kona ya migomba, upepo ukapita chini ya kanga ukaizima. Binamu yangu akatoa kiberiti. Bibi akamwambia aache, kule mbele wanaimba, atafuata sauti. Tulifika makaburini bado ameishika mkononi, kioo kimeingia ukungu kwa ndani, na akairudisha nyumbani hivyo hivyo.