Kuwarudisha watu ofisini hakufungi mlango

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota vibaya Tanzania. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kwenye njia ya kuelekea Afrika Kusini. Jumatatu yake, aliyekuwa ofisini Posta na aliyekuwa sebuleni kwake Kimara walikuwa wakitazama kiduara kile kile kikizunguka kwenye skrini.

Huwa naikumbuka siku hiyo kila ninapomsikia mwajiri akisema kwamba kazi za nyumbani ndizo zinazohatarisha mtandao wa kampuni, hivyo watu warudi ofisini.

Simpuuzi. Ofisini kuna jenereta, na kuna fundi anayeijua kila mashine. Nyumbani Luku inaweza kuisha katikati ya kikao, na ruta iliyo juu ya kabati bado inatumia neno la siri lililobandikwa mgongoni tangu kiwandani. Kompyuta inayofanyia malipo ya kampuni mchana, jioni mtoto anaangalizia katuni.

Zaidi ya hayo, nyumbani mtu yuko peke yake. Mhasibu mmoja ninayemfahamu alipata barua pepe yenye jina la bosi wake: muuzaji fulani amebadilisha akaunti, malipo ya leo yaende huku. Ni ile ile "hela tuma kwa namba hii", ila safari hii imevaa suti. Angekuwa ofisini angegeuka tu na kumuuliza wa meza ya pili. Nyumbani alikuwa na maharage jikoni na ujumbe uliosema "haraka".

Lakini tuangalie wavamizi wanaingiaje. Mwaka 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa, ikawalipa wavamizi takriban dola milioni 4.4. Walipitia akaunti ya VPN, yaani njia ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni ukiwa mbali, ambayo haikuwa ikitumika tena lakini haikuwa imefungwa. Neno lake la siri lilikuwa limeshavuja, na mfumo haukudai uthibitisho wa pili, kama ile namba inayotumwa kwenye simu. Hata wafanyakazi wote wangekuwa wamekaa ofisini siku hiyo, akaunti ile ingebaki wazi vile vile.

Kuhusu uimara wa mtandao wenyewe, kutawanyika kwa watu kuna faida ambayo haitajwi sana. Mchimba mtaro akikata faiba ya jengo, ofisi nzima inalala. Watu kumi na wawili walioko mitaa tofauti, wenye laini tofauti, ni vigumu wote kuzimikiwa kwa pamoja. Hata hivyo faida hiyo ina mpaka, na Mei 2024 tuliuona. Unaweza kuwa na laini za kampuni tatu mfukoni, kumbe zote zinashukia waya mmoja baharini. Seacom yenyewe ilikuwa tayari imejeruhiwa Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huo, kwa hiyo hata upande wa kaskazini haukuwa na ahueni. Kenya ilipata nafuu kwa sababu TEAMS, waya unaotoka Mombasa kwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, ulikuwa mzima. Mwajiri anayejali angemuuliza mtoa huduma wake trafiki yake inapita waya gani, na ya akiba inapita wapi. Wengi huuliza bei ya mwezi na kasi, basi.

Kwangu mimi, mizani inaelemea upande wa kuwaacha watu wafanyie kazi nyumbani, ila gharama irudi kwa mwenye mali. Kumwambia mtu alinde fedha za kampuni kwa bando lake na kompyuta ya familia ni kumwonea. Kampuni inunue kompyuta ya kazi, idai uthibitisho wa pili kila mtu anapoingia, na ifunge akaunti siku ile ile mtu anapoacha kazi. Ofisi inayoshindwa hayo itavamiwa hata wafanyakazi wakikaa bega kwa bega.

Yule mhasibu aliokolewa na utaratibu mdogo waliokuwa wamekubaliana: akaunti yoyote ikibadilika, piga simu kwanza. Akapiga. Bosi alikuwa kwenye foleni Ubungo, akamwambia hajatuma barua yoyote.