Kupima Uso Ili Kuchagua Meno ya Mbele: Namba Inasaidia Wapi, Inapotosha Wapi

Mtu asiyebakiwa na jino hata moja juu humwachia fundi wa meno ya bandia kitendawili: meno yake ya asili yalikuwa na ukubwa gani? Kinywa hakisemi tena. Ndiyo maana tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wamekuwa wakitafuta jibu usoni. Upana wa uso, kutoka mfupa wa shavu moja hadi wa pili, hugawanywa kwa 16 kupata upana wa jino moja la katikati. Uso wa milimita 136 unapewa jino la 8.5, na hicho ni kipimo cha kawaida kwa watu wazima. Wengine hugawanya umbali kati ya mboni za macho kwa 6.6. Wengine hupima upana wa pua na kudai kwamba ncha za chonge hukaa humo humo.

Wanaotetea vipimo wana hoja ambayo mtu wa Mwanza ataielewa haraka. Pasipo kipimo, mchaguzi wa meno ni droo. Kliniki ndogo ya Igoma au Nansio haitegemewi kuwa na seti za kila saizi, na fundi mwenye foleni mlangoni atachukua iliyo karibu na mkono. Namba inamlazimisha ajieleze. Tena mgonjwa anayevuka maji kutoka Ukerewe hawezi kurudi kila wiki kwa ajili ya marekebisho. Makisio mazuri siku ya kwanza yanamwokolea nauli.

Hoja hiyo naikubali. Ila vipimo havilingani kwa uaminifu, na cha pua ndicho ninachokishuku zaidi. Pua yenye upana wa milimita 44 si ajabu yoyote kwa watu wa Kanda ya Ziwa, ilhali umbali wa chonge moja hadi nyingine kwa watu wazima wengi huzunguka 35. Ukiifuata pua kama ilivyo, unampa mama wa watu meno yanayojaa mdomo mzima. Isitoshe, pua huendelea kutanuka kadiri umri unavyosogea, na wanaohitaji seti nzima wengi wao ni wazee. Mashavu nayo yana nyama: kosa la milimita 5 kwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, huongeza kila jino milimita 0.3. Si kosa kubwa kwa jino moja, lakini meno yako sita mbele.

Urefu wa jino ndio vichekesho. Kanuni inasema pima kutoka nywele zinapoanzia hadi kidevuni, kisha gawanya kwa 16. Mwenye kipara tumwanzie wapi? Na asiye na meno kidevu chake kimeshasogelea pua, kwa hiyo kinachopimwa ni uso uliofupishwa na tatizo lile lile tunalotaka kulitibu.

Halafu kuna mwanya. Watu wengi huku wameuona kuwa urembo tangu ujana wao, na hakuna hesabu kati ya hizo inayojua kama bibi alikuwa nao. Ukijaza nafasi yote kwa meno, umemtengenezea tabasamu la mtu mwingine.

Hapa ndipo kioo kinaposhinda kalipa. Kabla ya plastiki, meno hupangwa kwenye nta. Fundi huchora kwa kisu mstari wa katikati, mistari ya chonge na mpaka wa mdomo wa juu mtu anapocheka, kisha huyapanga na kumjaribisha. Hatua hiyo jino linang'olewa na kurudishwa kwa dakika chache. Baada ya plastiki kuiva, kubadilisha saizi ni kuanza upya. Tatizo ni adabu: mama mmoja muuza dagaa alijitazama kwenye kioo cha mkononi, akafunga mdomo, akasema tu, "Haya, asante daktari." Alipoombwa atamke sitini na sita ndipo akacheka na kukiri kwamba yalikuwa makubwa.

Picha ya zamani ingemsaidia, ingawa picha za pasipoti hazina faida, maana midomo imefungwa. Ya harusi inafaa zaidi. Umbali wa mboni haubadiliki sana ukubwani: ukiwa milimita 62 leo na 20 kwenye picha, jino la milimita 2.7 pichani lilikuwa takriban 8.4 mdomoni. Picha iwe kubwa na ya kutazama mbele, la sivyo unene wa mstari wa rula tu unaharibu hesabu.

Na ikiwa droo ina 8 na 9 pekee? Aliyekuwa na mwanya apewe 8, nafasi iachwe katikati. Asiyekuwa nao apewe 9, yapandane kidogo pembeni kama meno ya asili yanavyofanya, kisha aulizwe tena akiwa na nta mdomoni, safari hii nduguye akiwa chumbani.