"Mama, gari ni moja"

Mwezi wa tatu mwaka huu niliweka ndoo mbili jikoni. Moja ya maganda, machicha ya nazi, vikonyo vya mchicha na wali uliochacha. Nyingine ya chupa, makopo, karatasi na makorokoro mengine makavu. Wanangu walizoea ndani ya wiki moja. Jumamosi gari la taka lilipopita mtaani nikabeba viroba vyangu viwili mpaka barabarani, kila kimoja na chake, nikamkabidhi kijana aliyesimama nyuma ya gari. Akavichana vyote viwili, akavimwaga pamoja juu ya taka za majirani. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, gari ni moja."

Simlaumu hata kidogo. Anashika uchafu wetu mikono mitupu, na alichoniambia ni kweli. Lakini sijaacha kulifikiria jibu lake, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya madhara ya dampo tunayoyalalamikia inaanzia pale, kwenye kuchanganya taka mbichi na taka kavu. Dampo lenyewe linapokea tu tulichokwisha kukiharibu.

Dar es Salaam tumehamisha dampo miaka nenda rudi. Lilikuwa Tabata. Wakazi walichoka na moshi, nzi na harufu, wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 wakashinda. Jiji likaomba kuongezewa muda, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani bila wasiwasi kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Maneno yale nayaheshimu mpaka leo, na wale wakazi wa Tabata nawaheshimu zaidi.

Lakini taka zao zilikwenda wapi? Zilikwenda Vingunguti, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Kisha Mtoni, Temeke. Kisha Pugu Kinyamwezi. Kila tulipohama tuliwapelekea wengine nzi walewale, maana taka zilikuwa zilezile na zimechanganywa vilevile.

Anayetaka kuelewa dampo linavyofanya kazi ajaze kiroba maganda ya ndizi na mabaki ya ugali, akifunge, akiache juani siku nne. Kitavimba. Akikiinua, kitachuruzika maji meusi yenye harufu ya kukata pumzi. Dampo ni kiroba hicho kikiwa na ukubwa wa kilima. Maji yale yanashuka chini polepole, yakipita kwenye betri, mikebe ya rangi, makopo ya dawa ya mbu na simu mbovu, yanabeba sumu za huko hadi kwenye udongo, visima na mito. Gesi iliyokivimbisha kiroba ina methani ndani yake. Methani hulipasha joto anga zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100, tena inashika moto. Ndiyo maana dampo likiwaka unazima huku linafuka kule, na plastiki zinaungua humo humo, na watoto wa jirani wanakohoa usiku kucha. Kwenye dampo la Mtoni, baada ya kufungwa, uliwekwa mradi wa kuivuna na kuichoma gesi hiyo. Kilichoitoa ni chakula chetu kilichooza.

Na katika miji yetu ya Afrika Mashariki, zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni hizo za kuoza.

Uzito wake pia unaua. Taka mbichi hunywa maji ya mvua kama sifongo, na zikirundikwa kwa mwinuko mkali bila kushindiliwa, siku moja zinateleza. Machi 2017 dampo la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 110. Agosti 10, 2024 ikawa zamu ya Kiteezi, Kampala, baada ya mvua kubwa. Waliokufa walizidi 30. Kiteezi lilianza mwaka 1996, na hapo katikati watu wakajenga hadi miguuni pake. Niliangalia picha za katapila likifukua pale, nikaona godoro, nikazima simu.

Najua wahandisi wana majibu yao, na nayaunga mkono yote: sakafu ya udongo wa mfinyanzi na turubai nene chini, mabomba ya kukusanya yale maji meusi, mabwawa ya kuyasafisha, kufukia taka kwa udongo kila jioni, kuacha nafasi kati ya dampo na makazi. Yafanyike. Ila kila kitu hapo kina gharama, na ukipeleka humo maganda ya mji mzima, shimo ulilolijenga kwa mabilioni linajaa upesi na maji yake hayaishi kutoka.

Sheria imeshatangulia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa. Sasa ni miaka zaidi ya 20, na gari bado ni moja.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba Watanzania hawawezi kutenganisha taka. Siamini. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na tukarudi kubeba vikapu sokoni kama mama zetu. Bonyokwa, hapa Dar es Salaam, shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na kaya zikatenganisha taka nyumbani, na za jikoni zikageuzwa mboji. Nyumbani kwetu Muheza jalala lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na hakuna aliyetupa kopo humo kwa sababu bibi angekuita urudi ukalitoe. Maboga yaliota humo bila kupandwa, tukayala na futari. Kutenganisha tulikujua, mji ndio ulitusahaulisha.

Ninachodai ni kidogo. Siku moja ya wiki lipite gari la taka kavu, siku nyingine lipite guta la taka mbichi tu, ziende kwa wafugaji na kwenye mboji. Wazoa taka wapewe glavu na mabuti, na hilo liandikwe kwenye mkataba wa mzabuni kabla hajaanza kukusanya ada. Nimemwandikia mwenyekiti wetu wa mtaa, na mkutano ujao nitasimama niulize mbele ya wote.

Ndoo zangu mbili bado zipo. Ile ya kavu anaichukua kijana anayenunua chupa kwa kilo. Ya mbichi naimwaga kwenye shimo nililochimba nyuma ya jiko, na jirani wa chumba cha pili naye ameanza kuleta ya kwake, pamoja na mama wa genge la kona. Shimo limebakiza kama futi moja kujaa, na nyumba ni ya kupanga, mahali pa kuchimba lingine hapapo.