Tukague upinde kwanza, upote baadaye

Upote, ile kamba ya upinde, hauchakazwi na mishale peke yake. Ningependa kila mwenye upinde hapa Tabora alishike hilo, maana fedha nyingi zinapotea kwa kutolijua. Upote wa dakroni, yaani nyuzi za poliesta, uliotunzwa vizuri huhimili maelfu ya mishale. Ukikatika ndani ya kiangazi kimoja, kuna kitu kilichokuwa kikiutafuna, na mara nyingi kitu hicho kipo kwenye upinde wenyewe. Kuvika mwingine mpya juu ya dosari ileile ni kuutoa sadaka.

Nazungumzia upinde wa rikavu, wenye mpini katikati na mikono miwili ambayo ncha zake zimepinda kuelekea mbele, kama ule wa Olimpiki wanaolengea shabaha ya mita 70. Umbo hilo ndilo linaloupa nguvu, na ndilo linaloutesa upote. Kwenye upinde ulionyooka upote hugusa ncha tu. Kwenye rikavu hulala juu ya mkono kwa sentimita kadhaa kabla ya kufika kitanzini, na kila mshale ukiondoka, upote unarudi kujibamiza palepale. Punje za mchanga zikiwa zimekaa hapo, kila pigo linakwangua nyuzi. Nasi watu wa Tabora, kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba, mchanga na vumbi hatuna haja ya kuvitafuta.

Kwa hiyo mimi huanzia nchani. Ushushe upote, chukua pamba kidogo, ipitishe polepole kwenye mifuo ambamo vitanzi hukaa, pande zote mbili, juu na chini. Jicho hudanganyika, pamba haidanganyiki: ikinasa hata uzi mmoja, pana ukingo mkali. Ulainishe kwa msasa mwembamba sana, kidogo kidogo, kisha jaribu tena. Usiongeze kina cha mfuo. Unaondoa ukali tu. Halafu uvike upote na utazame upinde kwa nyuma, kutoka ncha moja hadi nyingine. Upote upite katikati ya mikono yote miwili. Ukielemea upande mmoja, mkono umejipinda au haujakaa sawa kwenye mpini, na upande huo wa kitanzi utalika kabla ya mwingine.

Mikono hujipinda kwa uzembe ambao tumeuzoea mno. Upinde unaegemezwa pembeni mwa chumba, uzito wote ukibebwa na ncha ya chini. Au unatundikwa chini ya bati linalochemka mchana kutwa, joto likilegeza gundi iliyoshika tabaka za mikono. Au unafungwa nyuma ya bodaboda ukiwa umevikwa upote tayari, upote ukisuguana na chuma cha keria njia nzima. Hilo la mwisho linaniuma zaidi, kwa sababu kuushusha upote kabla ya safari ni kazi ya muda mfupi sana kwa mwenye kamba ya kuukunjia upinde.

Katikati ya upote pana sehemu iliyozongwa uzi mwingine, mahali mshale unapokaa. Uzi huo ukilegea au kuachana, uzongwe upya mapema, usingoje ufumuke wote. Angalia na mpasuko wa mkia wa mshale: ukibana kupita kiasi, unausaga uzi huo kila unapouchomeka. Mshale unatakiwa ushike upote bila kuanguka, na ukigongwa kidogo kwa kidole uachie.

Sasa nta. Hapa sina uvumilivu hata kidogo. Tunaishi katika mkoa wa asali, penye Chuo cha Ufugaji Nyuki, na Sikonge iko jirani tu na mizinga yake ya magome msituni miomboni, halafu mtu anarusha mishale kwa upote uliokauka hadi umeota manyoya! Nta ndiyo inayozishikamanisha nyuzi ziwe kitu kimoja, na ndiyo inayozuia maji na vumbi yasiingie katikati yake.

Lakini isiwe nta yoyote iliyotoka kwenye sega. Mabaki ya asali yananata, yanavuta vumbi na sisimizi, na upote unaishia kuwa mchafu kuliko ulivyokuwa. Chemsha masega yaliyokamuliwa ndani ya maji kwa moto mdogo, chuja kwa kitambaa, acha yapoe. Nta itaelea na kuganda juu. Kwangua uchafu wa upande wa chini, kisha rudia mpaka kipande kiwe safi. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, kwa hiyo joto la vidole linatosha kuilainisha, si kuiyeyusha. Futa upote kwanza kwa kitambaa kikavu, paka nta, kisha sugua kwa vidole mpaka uhisi joto na nta izame. Inayobaki juu ifute, kwa kuwa nta nyingi huongeza uzito na kubeba mchanga. Pale palipozongwa uzi usipake.

Pima pia umbali kati ya upote na sehemu ya ndani kabisa ya mpini. Kwa upinde wa inchi 68 huwa kati ya sentimita 21 na 24 hivi, ila maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yanayofuatwa. Dakroni mpya hurefuka siku za mwanzo, umbali huo ukapungua na upote ukaanza kukupiga mkononi. Ongeza misokoto michache ya upote, na umbali huo utarudi.

Uzi mmoja ukikatika, nta haisaidii tena. Upote ukikatika umevutwa, nguvu yote hurudi kwenye mikono na inaweza kuipasua, achilia mbali uso wako. Ukate kwa mkasi hapohapo ili mdogo wako asiuokote akauvika. Unapoagiza mwingine, taja urefu wa upinde. Upote wenyewe huwa mfupi kuliko upinde kwa inchi 3 hadi 4. Na upinde ukiwa wa zamani, wenye ncha za mbao zisizoimarishwa, baki na dakroni. Nyuzi ngumu za Dyneema hazirefuki, na zitazipasua ncha hizo.