Soksi ya kubana si soksi ya shule!

Jamani, mtu anauziwaje soksi ya kubana, ile ya tiba ya miguu inayovimba, yenye nguvu ya kubana ya milimita 20 hadi 30 za zebaki, pamoja na kile kifaa cha waya cha kuvalia, halafu anaachwa apande daladala arudi Kiborloni bila kuelekezwa? Asubuhi ni vita! Soksi imerundikwa yote kwenye waya. Mguu upite wapi?

Kinywa cha soksi kinavishwa kwenye upinde wa waya, kinashushwa kwa nje mpaka kisigino cha soksi kifike ukingoni. Hapo ndipo unatumbukiza mguu, unakanyaga chini, unavuta mikono ya kifaa juu taratibu. Taratibu! Ukinyakua, soksi inachomoka, unaanza upya.

Na mafuta je? Umejipaka sasa hivi, joto la Moshi limeshakutoa jasho, unategemea itateleza? Inanata kama gundi. Paka usiku. Vaa kabla miguu haijavimba, ukiwa na glavu za mpira za kuoshea vyombo, utandaze kila kunyanzi.

Kubwa kuliko yote: soksi imezidi urefu, watu wanaikunja juu! Pindo hilo linakaba mguu kama kamba. Kwa nini hakuna anayewaambia dukani?