Mkituita tutoke maili elfu moja, tuandikieni masaa tutakayolipwa

Mi naona kampuni yoyote inayomwita mtu atoke anakoishi na nyumba yake ya magurudumu, akatize majimbo matano sita kwenda kufanya kazi ya msimu, inatakiwa imwandikie kwenye mkataba atalipwa masaa mangapi hata kazi ikisimama, na mafuta imrudishie hata kama sio yote. Nasema hivi kwa sababu nimeenda mwenyewe kwenye mavuno ya viazi sukari bonde la Red River, pale Minnesota inapopakana na North Dakota, na kazi yenyewe naipenda na nitarudi tu.

Kwa wasiojua, zaidi ya nusu ya sukari inayozalishwa Marekani haitokani na miwa kama ile ya Kilombero, inatokana na hivi viazi vyeupe vikubwa. Mavuno makubwa kule yanaanza tarehe 1 Oktoba, yanaenda kama wiki mbili usiku na mchana, kila zamu masaa 12, na vile miji ni midogo na watu hawatoshi wanaitwa wenye RV (hizo nyumba za magurudumu) toka kila kona ya nchi. Unapewa pa kupaki, umeme, maji na pa kumwaga maji taka bila kulipia, alafu unalipwa kwa saa. Unasimama kwenye mashine inayorundika viazi, unaelekeza malori, unachukua sampuli ya kwenda kupimwa sukari, unakwangua matope, baridi inakupiga usoni saa tisa usiku. Ni kazi ngumu ila ina heshima yake, na wengi nilioshika nao zamu ni wazee wastaafu, mtu na mkewe, pensheni haitoshi kodi ya nyumba wakaamua kuishi kwenye RV moja kwa moja.

Sasa shida iko hapa. Viazi vinarundikwa nje, milima kwa milima, vinakaa hapo miezi kusubiri kiwanda, kwa hiyo vikivunwa na joto vinaoza ndani ya rundo. Jua likiwaka sana wanasimamisha kazi. Baridi ikizidi vikaganda shambani wanasimamisha pia, na mvua ikinyesha mashine zinazama kwenye tope, hapo hamna cha kufanya. Hilo sio kosa la mtu, hali ya hewa ni ya Mungu, lakini mbona hasara yake inamwangukia yule mzee aliyekuja na trela toka Arizona? Msimu niliokuwepo tulikaa siku kadhaa tumepaki tu, hamna zamu, hamna hela, gesi ya kupashia joto inaisha, na mpira wa maji unaganda usiku.

Piga hesabu ya njia. Toka Dallas, Texas, unashika barabara kuu ya I-35 mpaka Kansas City, alafu I-29 inakupeleka juu moja kwa moja mpaka Fargo, ni kama maili 1,100. RV ya petroli inakula galoni moja kwa maili 8 mpaka 10, yani galoni 110 mpaka karibu 140 kwenda tu. Galoni ikiwa dola 3 hiyo ni dola 330 mpaka 420, bado kurudi, bado tairi (na tairi za RV zinazeeka hata kama hazijatembea sana, msizipuuze kabisa), bado pa kulala njiani, na upepo wa South Dakota unaosukuma gari pembeni mpaka mikono inauma kushika usukani.

Na hili wala sio jambo la kuota. Sheria ya Marekani inamlazimisha mwajiri anayeleta wafanyakazi wa shamba wa msimu toka nje kwa viza ya H-2A awahakikishie angalau robo tatu ya saa za kwenye mkataba, awape makazi bure, na wakifikisha nusu ya mkataba awarudishie nauli ya kuja. Serikali ilishakubali kwamba mtu aliyetoka mbali hawezi kuachwa akae bure! Kwa nini bibi wa miaka 70 aliyekuja na nyumba yake mwenyewe asipate hata hicho?

Kuna wengine nao, kambi za watalii za watu binafsi, wanakwambia fanya saa 20 kwa wiki ulipwe ile nafasi ya kupaki tu. Kama nafasi hiyo ni ya dola 500 kwa mwezi, wewe umefanya kama saa 87, haifiki hata dola 6 kwa saa, wakati kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 tangu 2009. Kujitolea kwenye hifadhi ya taifa ni sawa, ile ni mali ya umma na unajua kabisa unajitolea. Ila mtu binafsi anayepata faida alipe jamani.

Kwa hiyo ndugu zangu mlioko huku Marekani mnaoniulizia hii kazi, na vibali mnavyo, kabla hujawasha gari waulizeni kwa maandishi: kazi ikisimama siku tatu mnanilipa nini? Nikifika nikakuta mmeahirisha, mafuta juu ya nani? Ile bonasi ya kumaliza msimu, naikosa msimu ukikatishwa na baridi? Na tuulize wengi, maana akiuliza mmoja wanampigia simu mwingine kwenye orodha, ila tukiuliza wote Septemba hiyo hawana wa kumpigia, na viazi haviwezi kusubiri shambani.