Seva za chambo serikalini: nani atakesha?

Hoja ya kutega seva za uongo kwenye mitandao ya serikali ina mvuto. Unaunda kompyuta inayofanana na ya mishahara, unaijaza faili za kubuni, unasubiri. Hakuna mtumishi mwenye kazi pale, hivyo anayeigusa ama kapotea njia ama ni mdukuzi. Kengele zake ni chache, na nyingi ni za kweli.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Clifford Stoll wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani. Mwaka 1986 alitumwa kutafuta senti 75 zilizopelea kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta, akamkuta mtu anayepekua mitandao ya jeshi. Nyayo zilielekea Hannover, Ujerumani Magharibi, ila kufuatilia laini ya simu aliyoingilia kule kulichukua muda, na mgeni alikuwa akikata mapema. Mwaka 1987 Stoll akatunga ndani ya kompyuta ofisi nzima ya uongo ya mradi wa kujikinga na makombora, yenye nyaraka zake na hata katibu muhtasi. Mgeni akanogewa, akakaa mpaka simu aliyotumia ikajulikana. Baadaye ikaja barua ya posta kutoka Pittsburgh ikiomba nyaraka hizo zisizokuwapo! Mgeni huyo, Markus Hess, na wenzake, waliokuwa wakiiuzia KGB, shirika la ujasusi la Usovieti, walichokipata, walitiwa hatiani 1990, wakapewa vifungo vya nje.

Wapenzi wa chambo huishia hapo. Wanaruka kwamba Stoll alilala maabara, kando ya printa za kuazima, akisubiri mgeni aingie. Ofisi ngapi za serikali zina mtu wa namna hiyo saa nane usiku?

Tena kuna mashambulio ambayo hayahusiani kabisa na chambo. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ililemewa na maombi bandia ya kufungua kurasa zake. Aliyekuja kuziba mlango hana haja ya faili zako, za kweli wala za uongo. Na seva ya chambo isipotengwa vizuri inakuwa njia ya kufikia zile halisi.

Hata hivyo siungi mkono wanaoikataa moja kwa moja. Mwaka 2024 kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza kilianza kukusanya ushahidi wa mbinu hii kitaifa, na hatua hiyo naiona ya busara. Kwa wizara yenye mafundi wawili, ningeanza na kitu rahisi: faili moja ya nywila za uongo inayotuma taarifa ikifunguliwa. Mradi taarifa hiyo iende kwenye simu ya mwenye zamu, si kwenye barua pepe ya idara inayosomwa Jumatatu.